Viraka Ndani ya Mlingoti

Siku mlingoti wa tatu ulipotoka tanurini mzima, bila ufa na bila kupinda, Mwikali hakufurahi. Alikaa juu ya debe tupu la gundi akautazama, akajiuliza kama mtu anaweza kuchoka hadi furaha ikampita mbele ya macho asiinuke kuilaki. Vibarua wawili waliokuwa wakipiga makofi walinyamaza, wakidhani ameona kasoro. Hakuwa ameona kasoro yoyote. Alikuwa amechoka tu, basi.

Uchovu wenyewe haukuwa wa siku moja. Mwikali alikuwa mhandisi wa bandarini, kazi ya mshahara na matibabu, kazi ambayo marehemu baba yake, Mkamba aliyeletwa Changamwe na reli akazikwa huko huko, alikuwa akiitaja kanisani kila alipopata upenyo. Akaiacha mwanzoni mwa miaka ya tisini ili atengeneze milingoti ya kaboni ya mashua za mashindano. Hebu mwambie mtu wa Chaani kwamba umeiacha bandari kwa ajili ya nguzo ya kutundikia tanga, uone kama hatakuuliza umelogwa na nani. Ndugu zake walimwuliza hivyo hivyo, tena si kwa utani.

Yeye alikuwa na sababu zake. Matajiri wenye mashua za mashindano pwani hii waliiagiza milingoti yao ng'ambo, ikaja melini miezi na miezi, na ikivunjika inaagizwa mingine. Mwikali aliwahi kuletewa kipande cha mlingoti uliokatika, akakiweka mkononi, akashangaa jinsi kitu kigumu namna ile kilivyokosa uzito. Mashua ikiwa nyepesi huko juu hailali ovyo upepo ukizidi, na isiyolala ndiyo inayokimbia. Alikaa na kile kipande mwezi mzima, akipiga hesabu za namna nyuzi zilivyolazwa, na mwisho wa mwezi akawa hawezi tena kufikiria kreni za bandari bila kupiga miayo.

Karakana aliifungua Likoni, katika banda lililokuwa ghala la mbata, na hadi leo ukuta wa nyuma ulinuka nazi mvua ikinyesha. Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Unachukua bomba refu la alumini, unalipaka nta, unalizungushia kitambaa cha kaboni kilicholoweshwa gundi, tabaka juu ya tabaka, unalikaza kwa utepe wa plastiki, kisha unaliingiza tanurini gundi ipate moto na kukomaa. Likipoa unachomoa bomba, unabaki na mlingoti ulio wazi ndani. Kuifanya ndiyo kazi. Tanuri alilijenga mwenyewe kwa mabati, refu kama ushoroba wa hospitali, na majiko ya makaa chini yake. Mlingoti wa kwanza uliungua upande mmoja na upande wa pili ukabaki mbichi. Wa pili uliiva vizuri lakini ukakataa kutoka kwenye bomba lake, wakauvuta kwa winchi ya mnyororo hadi ukapasuka kwa mlio ambao Mwikali aliendelea kuusikia usingizini.

Huu wa tatu ulikuwa wa mwisho. Mwenye mashua, tajiri mmoja wa hoteli kule Shanzu, alikuwa ameleta kitambaa cha kutosha mlingoti mmoja, akasema kwa upole wa watu wasiolazimika kupaza sauti: ukisimama huu, yeye na rafiki zake wote wataleta kazi kwake. Usiposimama, basi wasichoshane. Kwa hiyo uliotoka tanurini siku ile haukuwa mlingoti peke yake. Ulikuwa karakana nzima, na miaka yote aliyoizika mle, na uso atakaorudi nao bandarini kuomba kazi kama hautafaa.

Ndipo Mzee Mwinyihaji alipoingia na kifurushi kwapani.

Mzee Mwinyihaji alikuwa fundi wa kanzu, mwenyeji wa Likoni tangu babu wa babu. Kibanda chake karibu na soko kilikuwa na foleni kila mwezi wa Shaabani, watu wakigombania kushonewa za sikukuu. Kisha zikaja kanzu za Dubai zilizoshonwa tayari, ikaja na mitumba, na fundi aliyekuwa akitia nakshi ya kola kwa mkono akabaki kupunguza suruali za makondakta. Mwikali alimfuata kwa kuwa kitambaa cha kaboni kilikuwa kimewashinda wote. Nyuzi zake zote zimelala upande mmoja, zinashikwa na kijiuzi cha pamba tu kisichofaa kitu, ukikigusa vibaya kinafumuka chote mkononi na vumbi lake jeusi linawasha kama upupu. Mzee alikilaza mezani, akakipapasa kama anayempima mgonjwa homa, akakikata moja kwa moja bila uzi mmoja kuchomoka. Tangu siku hiyo akawa mkataji wa karakana, na watu wa sokoni wakaanza kumwita Injinia. Alijifanya kuchukia jina hilo. Alilipenda mno.

"Shikamoo, mzee," Mwikali alisema akiinuka kwenye debe.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na hongera. Huu umetoka mzuri, mashaallah." Akaweka kifurushi mezani, akakifungua kwa vidole viwili. "Hiki chako."

Ndani mlikuwa na kitambaa cha kaboni, cheusi, kimekunjwa vizuri kama shuka ya mgeni.

Sasa, hapa lazima ieleweke desturi ya mafundi wa namna ya Mzee Mwinyihaji. Ukimpelekea kitambaa, hukurudishia nguo, na ndani ya nguo hukuwekea vipande vyote vilivyosalia, hata kile cha upana wa kidole kisichotosha kiraka cha mfuko. Fundi anayebaki na masazo ya mteja, kwake yeye, alikuwa mwizi aliyenunua cherehani. Na kadiri masazo yalivyokuwa makubwa ndivyo fundi alivyojulikana kuwa bingwa, kwa maana alikata kwa akili, hakuharibu mali ya watu. Kwa hiyo mzee alisimama pale akingoja kusifiwa, na alikuwa na haki.

Mwikali alikinyanyua kile kitambaa, akakipima kwa macho. Hesabu zake hazikuacha kitu. Alikuwa amegawa kitambaa kile mpaka pindo la mwisho, na kilichotakiwa kubaki ni vumbi la kufagia.

"Kimesaliaje, mzee?" aliuliza taratibu.

"Kwa kukata, mwanangu. Nini kingine?" Mzee akacheka kidogo. "Matabaka ya juu nimeyatoa mazima mazima, kutoka shina mpaka kilele, kama ulivyoandika. Haya ya ndani, yasiyoonekana, nikasema si israfu hii? Nikayaunga. Hata kanzu ya bwana harusi, ukiifumua kola utakuta vipande ndani. Ndivyo kazi ilivyo. Lakini usidhani nimeunga ovyo, la. Maungio yote yamelingana. Ukiweka rula hayapishani hata unywele."

"Yamelingana wapi?"

Mzee alikwenda kwenye mlingoti, akautambazia mkono polepole, akaupiga kofi la mapenzi juu kidogo ya katikati, chini ya ile mikono miwili ya kushikilia nyaya. "Hapa. Yote hapa."

Nguvu ya kaboni ni kule kutokatika kwa uzi. Uzi mmoja mzima kutoka chini hadi juu hubeba mzigo wake mpaka mwisho, na ukiukata, hapo ulipoukata panabaki gundi tu, na gundi peke yake ni kama biskuti. Kiungo kimoja huku na kingine kule, huenda mlingoti ungevumilia. Lakini mzee alikuwa fundi msafi, na fundi msafi hapendi maungio yanayopishana. Alikuwa ameyapanga yote mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo upepo unapoupinda mlingoti zaidi ya popote.

Wa kulaumiwa alikuwa nani? Mwikali alimwandikia urefu wa kila tabaka, hakumwambia sababu. Siku za kukata na kuzungushia alikuwa ng'ambo kisiwani, kwenye ofisi za forodha, akifukuzia madebe ya gundi yaliyokuwa yakizungushwa kutoka meza hadi meza. Aliporudi alikuta tabaka la mwisho limekwisha lazwa, zuri, jeusi, limenyooka, akashukuru Mungu akawasha makaa.

Maneno yalikuwa mdomoni. Alimtazama mzee, ndevu zake nyeupe zilizochanwa, vidole vyake vyenye weusi wa kaboni kwenye mistari, na macho yale yanayongoja.

"Ahsante sana, mzee," alisema. "Umenifaa."

Mzee akaondoka amejaa fahari. Mwikali akarudi kwenye debe lake.

Siku iliyofuata aliulaza mlingoti juu ya farasi wawili wa mbao, vile viegemeo vya seremala, akatundika mifuko ya mchanga katikati, mmoja baada ya mwingine, vibarua wakipokezana kujaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba kazi yake ivunjike. Ungevunjika pale, mbele ya vibarua na mifuko, angesema hesabu zilikuwa mbaya, angelia kidogo, angefunga banda, na hakuna ambaye angeaibika ila yeye. Lakini mlingoti ulipinda kwa adabu, na mifuko ilipoondolewa ukanyooka tena kana kwamba haukuguswa. Matabaka ya juu yalikuwa mazima nayo yaliubeba mzigo. Vibarua wakashangilia tena. Mwikali angeweza kuwapiga.

Alijua ule mchanga haukuthibitisha kitu. Mchanga hutulia ulipowekwa, bahari haitulii. Mlingoti utapindwa na kunyooka, utapindwa na kunyooka, mara elfu kwa siku moja ya mashindano, na pale kwenye maungio gundi itaanza kuchoka kimya kimya, bila alama nje. Utasimama siku kadhaa. Labda mwezi. Kisha alasiri moja mashua ikigeuka kwa kasi utakatika kama muwa, na nusu ya juu itashuka na nyaya zake juu ya walioketi chini.

Usiku ule hakulala sana, na asubuhi akavuka na feri kwenda karakana akiwa amesimama, amebanwa kati ya mkokoteni wa mananasi na mtu aliyekuwa akihubiri. Alizipanga sababu zake. Kitambaa kimekwisha. Yale masazo hayatoshi hata robo ya mlingoti mwingine. Akisema, tajiri ataondoka na karakana itakufa. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ilikuwa Mzee Mwinyihaji: akisema, itabidi aseme nani alikata, na yule mzee aliyeokotwa kwenye suruali za makondakta akapewa jina la Injinia atarudi sokoni akiwa kichekesho. Feri ilipogusa upande wa Likoni, Mwikali alikuwa ameiacha sababu ya kwanza na kuikumbatia ya pili. Ilikuwa nzuri zaidi. Ilimfanya ajione mtu mwema.

Chengo alikuja siku hiyo hiyo. Chengo alikuwa kijana wa Kisauni, mwenye mabega na maneno mengi, aliyeajiriwa na yule tajiri kuangalia mashua na kukaa kwenye kamba za mlingoti siku za mashindano. Aliuzunguka mlingoti, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaunyanyua upande mmoja akaguna.

"Bi. Mwikali, hii kitu umeitoa wapi? Ile ya ng'ambo tuliyokuwa nayo haingii hapa."

"Tumeitoa kwenye makaa," Mwikali alijibu, na Mzee Mwinyihaji aliyekuwa akinoa mkasi wake pembeni akacheka.

"Basi nina ujumbe," Chengo alisema, akamgeukia mzee kwa heshima. "Tajiri amesema Ijumaa baada ya sala tunaupandisha, tunatoka nao mara ya kwanza. Na amesema fundi aliyekata apande nasi. Asema mashua haitoki bila fundi wake."

Mzee aliweka mkasi chini. "Mimi? Mimi mtu wa feri, mwanangu. Hata ngalawa sijui nimepanda lini."

"Hutafanya kitu, mzee. Utaketi tu."

"Niketi wapi? Nisije nikawa mzigo."

"Utaketi na mimi, hapa chini ya mlingoti. Ndipo mahali pazuri, tena ukiinua macho unaiona kazi yako yote hadi juu."

Mzee alikuwa akitabasamu akitazama sakafu, kama bwana harusi anayesikiliza akisifiwa. Kisha akasema atamuuliza mkewe, jambo ambalo kila mtu mle alijua maana yake ni ndiyo.

Mwikali alitoka nje akajifanya anatazama makaa. Alipata wazo, na uchovu ulimshauri kwamba ni wazo la kutosha. Alimngoja Chengo mlangoni.

"Chengo, mlingoti mpya hutaka kuzoeshwa. Kukiwa na upepo mkali msitoe tanga kubwa. Tumieni dogo."

Chengo alimtazama kana kwamba amemshauri avuke barabara kwa kupiga magoti. "Bi. Mwikali, haya ni mashindano. Upepo ukiwa mkali ndiyo siku yetu hiyo."

"Nimesema tu."

"Haya, nimesikia," Chengo alisema kwa ile sauti ya mtu ambaye hakusikia, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku mbili zilizobaki zilipita kwa msasa na vanishi. Mwikali aliupiga mlingoti vanishi kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, na kila alipofika juu kidogo ya katikati aliongeza kasi. Mlingoti ulianza kung'aa hata mtu akaweza kujitazama ndani yake. Kila mpita njia aliyechungulia alisema mashaallah au hiyo ni kali, kutegemea alikotoka. Mzee Mwinyihaji hakuonekana. Walisema yuko kibandani kwake amefunga mlango na cherehani inalia.

Ijumaa lori lilifika mapema. Chengo alikuwa ameleta wanaume wa kubeba na magodoro ya kuulazia. Mzee aliingia nyuma yao, na wote wakamgeukia.

Alikuwa amejishonea kanzu. Nyeupe, ya kitambaa chepesi, kola yake imetiwa nakshi ya mkono, ile nakshi ambayo haikuonekana Likoni tangu za Dubai zilipoingia. Mkewe, Bi. Mwanatabu, alikuwa amempa sahani ya halua aliyoifunika kwa kitambaa cha kushona mwenyewe. Mzee aliiweka juu ya meza ya kukatia, akawaomba watu waitikie, akasoma dua fupi ya kuiombea salama safari, na wote wakaitikia, Waislamu kwa Wakristo. Mwikali naye alisema amina.

"Basi, kuleni halua kisha tupakie," mzee alisema. "Leo mimi natangulia na lori. Wallahi sikulala kwa furaha."

Mwikali alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajajua ameamua. "Mzee, njoo kidogo."

"Labeka, mwanangu."

Alimpeleka nyuma ya tanuri, mahali ambapo mabati yalikuwa na masizi, na mzee akaikusanya kanzu yake kwa mkono isiguse. Mwikali alimweleza. Hakuzunguka. Alimwambia uzi wa kaboni ukikatwa haubebi kitu, na kwamba maungio yote yakiwa mahali pamoja ni sawa na kuukata mlingoti nusu na kuuvisha soksi. Alimwambia utavunjika, hajui lini, na utakapovunjika utamwangukia anayekaa chini yake. Alimwambia kosa ni lake yeye Mwikali, aliyeagiza bila kueleza.

Mzee alisikiliza yote. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, si kwa hasira, bali kama mtu anayerudisha vitu vyake sandukuni kimoja kimoja.

"Nguo ikikosewa hufumuliwa," alisema mwishowe. "Hii?"

"Haifumuliki, mzee."

"Kitambaa kingine?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Umejua lini?"

"Siku ile uliponiletea masazo."

Mzee aliitazama kanzu yake, kola, mikono, mpaka chini kwenye pindo. "Siku ile nilikuwa sijaikata hata kanzu hii."

"Nilikuonea huruma, mzee. Sikutaka uaibike mbele ya watu."

"Umenionea huruma mimi," alisema. "Sawa. Na huyu Chengo, mtoto wa watu, anayekaa chini yake kila wiki. Yeye ulimwonea nini?"

Mwikali alikuwa mtu wa majibu, alisomeshwa kwayo. Jibu lililotoka lilikuwa la kweli na halikufaa kitu. "Nimechoka, mzee."

"Najua umechoka. Nakuona kila siku, hata namwambia Mwanatabu, yule binti atakufa na banda lile." Akageuka kuondoka. "Lakini uchovu ni wako, mwanangu. Usiniwekee mimi mgongoni ukauita huruma."

Akamwacha pale. Mwikali alimfuata akiwa hatua chache nyuma, na akafika wakati mzee ameshasimama kati ya wanaume wa kubeba, vidole vyao vikinata halua.

"Chengo mwanangu, usiupakie. Mlingoti huu haufai. Nimeukata vibaya mimi, ndani una viraka. Mwambie tajiri hivyo, na umwambie jina langu, asije akadhani ni mtu mwingine."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliacha kutafuna. Chengo alitazama mlingoti unaong'aa, akamtazama mzee, kisha akamtazama Mwikali. Ilimchukua muda, lakini hakuwa mjinga.

"Lile tanga dogo," alisema polepole. "Ndiyo maana uliniambia tanga dogo."

"Ndiyo," Mwikali alisema.

Alitaka kuongeza kwamba angemwambia. Alitaka kusema kuhusu karakana, na kitambaa, na miaka yote ile, na jinsi mtu anavyoweza kuchoka hadi akaruhusu mambo yapite mradi tu yapite. Chengo hakungoja. Alifuta mkono wake kwenye suruali, akauchukua mkono wa Mzee Mwinyihaji kwa mikono yake yote miwili akainamisha kichwa.

"Ahsante, mzee. Mungu akuweke."

"Amina, mwanangu. Nisamehe."

Chengo akawaashiria wenzake, wakakusanya magodoro yao wakayatupa nyuma ya lori. Alipita karibu kabisa na Mwikali akienda mlangoni, mabega yao yakakaribia kugusana, na hakugeuza shingo. Lori likaondoka tupu. Mzee Mwinyihaji alilifuata kwa miguu, amekunja mikono ya kanzu mpya, akisimamishwa kila hatua na watu waliotaka kujua mbona hakupanda. Mwikali alimsikia akiwajibu kila mmoja, bila kuficha, kwamba alikosea kukata. Vibarua walitoka mmoja mmoja bila kuaga, na sahani ya halua ikabaki mezani na nzi wake. Mwikali alisimama mlangoni akingoja mtu yeyote arudi amgombeze. Hakuna aliyerudi.